Akiitaka, Anifuate Misima

Jua lilikuwa linaegemea vilima tulipotoka, mimi na mke wangu Shamimu, kwenda kuchukua maziwa ya jioni. Ni kazi ya kila siku. Mama Noonkipa, Mmasai mwenye boma kule mbugani, hukamua ng'ombe wake jua likikaribia kuzama. Mimi hubeba maziwa hadi kwetu Misima, na asubuhi nayagawa kwenye vibanda vya chai. Miaka yote nilikwenda kwa miguu. Siku hiyo nilikuwa na baiskeli, na Shamimu alisema Noonkipa hawezi kuiona kabla yeye hajaikalia. Akajifunga kanga, akapanda kwenye keria, akaniambia niende polepole maana anataka watu wamwone.

Baiskeli yenyewe nilikuwa nimeinunua jana yake. Mimi ni mtu mzima, sikununua kwa pupa. Baiskeli za Foniksi nilizikataa. Ni imara, sibishi, lakini ukifika kilimani ni wewe unayeibeba. Zile za mashindano, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nilizikataa pia, kwa sababu mchanga wa kwetu ungezimaliza kwa juma moja. Nilitaka kitu cha katikati. Tangu enzi ya ruksa ya biashara ianze, mitumba ya Ulaya ilikuwa imejaa mpaka Segera: mashati, redio, hata baiskeli. Fundi mmoja pale njia panda akanidokeza.

"Unayoitafuta wewe ni chotara. Tairi si nene si nyembamba, usukani umenyooka, gia zipo. Najua moja, iko kwa mjane kambini Ngombezi. Ila hamuuzii kila mtu."

Nikaenda Ngombezi, kwenye kambi ya wakata mkonge. Mjane aliitwa Grasiana, mwanamke mkimya, mkono wake wa kushoto umepinda kama uliovunjika ukaunga vibaya. Nikainua gurudumu nikalizungusha, halikuyumba. Nikabana breki. Nikabadilisha gia, mnyororo ukahama kutoka meno makubwa kwenda madogo bila kukwama. Niliipenda. Nasema kweli, niliipenda.

"Baba, wewe kabila gani?" Grasiana aliuliza.

"Mzigua wa Misima. Naitwa Mhina."

Akanitazama upya. "Mwenye baiskeli alikuwa mume wangu, Lugusha. Mnyamwezi. Amefariki."

Sasa, Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mnyamwezi akifa, mimi naingia msibani kwake na kumtukana maiti, nakamata kitu chake chochote, jembe au jogoo, na siachii mpaka wafiwa wanipe kikombozi. Ndiyo desturi yetu, na watu hucheka huku wanalia. Na mdomo wangu huu haujawahi kujua pa kunyamaza.

"Kumbe mtani wangu," nikasema. "Basi hii nimeikamata. Akiitaka, anifuate Misima."

Grasiana hakucheka. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akanipa baiskeli kwa bei niliyoitaja mimi. Nilipogeuka kumuaga, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Basi jioni hiyo tukapita mashamba ya mwisho, tukashika njia ya mbugani. Shamimu alikuwa ananicheka kwamba naendesha kama bwana shamba. Kisha nikasikia mlio.

Trrrr... trrrr...

Ni mlio wa gurudumu la nyuma, pale unapoteremka na umeacha kukanyaga. Kila mwenye baiskeli anaujua. Lakini mimi nilikuwa nakanyaga, tena kwa nguvu, na njia ilikuwa tambarare.

Ikaja harufu. Maji ya mkonge uliooza, ile harufu ya nyuma ya kiwanda. Misima hakuna mkonge.

Baiskeli ikawa nzito. Nikashusha gia. Ikazidi kuwa nzito.

"Mhina," Shamimu alinong'ona. "Mbona unanishika nywele?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Sikuwahi kugeuka. Alinyofolewa kwenye keria kwa nguvu iliyoniangusha na mimi, nikabingirika, meno yakagonga jiwe na mdomo ukajaa damu. Nilipoinua kichwa niliona miguu yake ikiburutwa kuingia vichakani, visigino vinachora mchanga. Hakupiga kelele. Nilisikia vipigo tu. Kofi, teke, kofi... na mtu anahema kama anayepasua kuni.

Nikawakimbilia. Miiba ilinichana uso sikuisikia.

Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa gunia kiunoni kama wavaavyo wakata mkonge. Kichwa chake kililala begani, kwa sababu shingo ilikuwa wazi upande mmoja, imekatwa hadi mfupani. Nywele za Shamimu alikuwa amezizungusha kwenye ngumi. Mkono wa pili ulishika kisu cha mkonge, na ncha yake ilikuwa chini ya taya la mke wangu. Kipande cha ngozi ya kichwa kilikuwa kimechanika na damu inamwingia machoni.

Nikamrukia. Alinipiga teke moja la kifua, nikasikia ubavu ukivunjika.

"Nimekamata, mtani," alisema. Sauti ilitokea shingoni, si mdomoni. "Komboa."

"Chukua baiskeli yako," nikasema. Nilikuwa nalia. "Ichukue, mtani, nisamehe."

"Utanikomboa kwa mali yangu?"

Akacheka. Kicheko kilitoa mapovu pale penye jeraha. Akakandamiza kisu, na ngozi ya Shamimu ikaanza kufunguka taratibu.

"Toa kilicho chako."

Nilikuwa na nini? Shati. Dumu la maziwa, tupu. Nyuma yangu, njiani, baiskeli ilisimama peke yake kichwa chini, magurudumu juu, kama tunavyoisimamisha tukiitengeneza. Pedeli zilianza kuzunguka. Polepole, kisha kwa kasi.

Trrrr...

Nikaelewa.

Nilirudi kwa magoti. Nikamtazama Shamimu, akatikisa kichwa akinikataza. Nikaingiza mkono wa kushoto kati ya mnyororo na meno makubwa.

Sitasimulia maumivu. Nitasema tu kwamba mfupa ukisagwa una mlio wake, na bado nausikia nikitafuna mahindi. Mkono ulipotoka ulikuwa na kidole gumba na cha shahada. Vilivyobaki sikuviona vilikoenda. Vichakani palikuwa kimya. Shamimu alikuwa anatambaa kuja kwangu, akaufunga mkono wangu kwa kanga yake wakati yeye mwenyewe anachuruzika damu.

Hospitali tuliwaambia ni ajali ya mnyororo. Waliamini, nani asingeamini? Baiskeli tuliiacha palepale mbugani.

Tuliporudi nyumbani tuliikuta imeegemea ukuta wetu.

Mara homa ilipopungua nilidandia lori la magunia, nikaenda Ngombezi. Nilimwomba Shamimu alale kwa jirani, akasema hawezi kumpelekea jirani balaa letu. Nikamwahidi nitarudi kabla ya magharibi.

Grasiana alikuwa anaosha vyombo nje. Aliuona mkono wangu uliofungwa, akaacha kuosha.

"Mumeo alikufaje?" nikamuuliza, bila hata kumwamkia.

"Kwa kisu cha mkonge."

"Cha nani?"

"Chake mwenyewe. Alikuwa amelala." Alisema hivyo huku anautazama mkono wake uliopinda. Kisha akanong'ona, maana majirani walikuwa karibu. "Msibani kwake hakuja mtani hata mmoja. Walimwogopa akiwa hai, wakamwogopa akiwa maiti. Na mtu asipotaniwa siku ya mazishi yake, hajui kama amekufa. Kila magharibi alikuwa anarudi hapa. Ananitoa ndani kwa nywele, kama zamani. Baiskeli hiyo waliitaka wengi, Wapare, Wachaga, nikawakataa. Nilikuwa namngoja mtani aje aseme yale maneno."

"Na sasa?"

"Sasa nalala usingizi, baba."

Nilitaka kumpiga. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na ngumi nilishaikunja. Kisha nikajiona, mwanamume mwingine mlangoni kwake amekunja ngumi, nikaishusha.

"Ulimpa nini?" aliuliza.

"Vidole. Akamwachia mke wangu."

Aliponitazama, nilimwona ananionea huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Wewe umekuwa mtani maisha yako yote," alisema. "Uliwahi kukubali kikombozi cha kwanza?"

Sikuwahi. Hakuna mtani anayekubali. Ukiletewa kuku unasema huyu kifaranga, nataka beberu. Ukiletewa beberu unasema amekonda. Unakamata tena, unawasumbua mpaka usiku. Ndiyo raha yenyewe.

Nilikimbia hadi barabarani. Lori la kurudi lilipatikana haraka, nikashukuru. Jua lilikuwa bado juu, na nilikuwa nahesabu vijiji kwa midomo. Kisha tukiwa bado mbali na Misima, mahali pasipo na mti wala nyumba, tairi la mbele likapasuka. Lori likaserereka, likaelekea korongoni. Niliona kifo changu kabisa, nikafumba macho nikimtaja Shamimu.

Lori likasimama. Ukingoni kabisa, gurudumu moja hewani. Dereva alishuka, akatazama chini korongoni, akasema hajui ni nini kimetuzuia.

Sikungoja tairi. Nilikwenda kwa miguu, nakimbia, natembea, nakimbia tena na ubavu wangu uliovunjika. Jua likazama mbele yangu. Wakati nauona mti wa kwanza wa Misima, kiza kilikuwa kimeshaingia.

Baiskeli haikuwepo ukutani.

Shamimu alikuwa amekaa kizingitini, hajawasha taa. Mikono ameipakata, imeviringishwa kanga. Harufu ya mkonge ilikuwa imejaa ua mzima.

"Alikuja?" nikauliza.

"Alikuja." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imetulia. "Akasema safari hii amekukamata wewe. Akasema uko kwenye lori, na lori linaingia korongoni. Akaniambia nikomboe."

Nikapiga magoti. Nikaifunua kanga taratibu, na nilijua kabla sijamaliza, kwa sababu ilikuwa imelowa mpaka chini. Mkono wake wa kulia, ule anaosukia ukili, uliishia kwenye kiganja, vidole vyote havipo.

Nikauweka kifuani kwangu. Nililia kama mtoto, yeye akawa ananibembeleza kwa mkono uliobaki.

"Alivikubali?" nikamuuliza.

"Alivichukua. Akavitazama, akacheka sana." Shamimu aligeuza uso akaangalia njia ya mbugani. "Akasema atafikiria."