Sindano Isiyopanda

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule alivua viatu mlangoni kwa shangazi yake, akaosha vyombo, akafagia, kisha akaketi kwenye meza ya redio. Jina la Chiriku alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu. Ufundi wa redio aliupata kwenye zahanati, walipokuwa wakiita gari la wagonjwa kwa redio ya upepo. Alipostaafu aliomba kibali, akanunua redio yake kuukuu, na kila Jumapili alizungumza na wapenzi wenzake wa redio waliokuwa mbali. Aliyempenda kuliko wote ni Mzee Reli, aliyewahi kuwa dereva wa treni. Hawakuwahi kuonana. Mzee huyo alidai treni yake haikuchelewa hata siku moja, ila saa za stesheni ndizo zilizokuwa na haraka. Shangazi alicheka kila mara kana kwamba ni habari mpya.

Wiki moja upepo ulikata antena. Jirani alitundika waya mpya juu ya uwanja wa nyuma, lakini waya mpya lazima upunguzwe kidogo kidogo hadi urefu uwe sawasawa.

"Mzee Reli anapelekwa hospitali kupasuliwa moyo," shangazi alisema. "Jumapili iliyopita, antena ikiwa bado nzima, kaomba tuzungumze tena Jumapili hii kabla hajaondoka. Kwao mtandao wa simu haufiki. Na goti langu hili halinifikishi hata uani. Utanisaidia, mwanangu?"

"Nitakusaidia, shangazi."

Walitengeneza kipimo chao wenyewe. Walichukua kisanduku cha sabuni, mita ndogo ya sindano iliyong'olewa kwenye redio kaseti mbovu, kipande cha waya, na diodi, kidude kidogo kama punje ya mchele. Kipimo hicho hakikuhitaji hata betri. Redio ikirusha mawimbi, waya huyanasa, diodi huyageuza kuwa umeme kidogo, na sindano hupanda. Ikipanda juu kabisa, antena imekaa vizuri.

"Unapolehemu, bana mguu wa diodi kwa koleo ili linyonye joto," shangazi alimwonya. "Joto likiifikia, inakufa."

Kisha akaenda kujilaza. Nje ya geti wenzake Chiriku walikuwa wakimwita kwa miluzi, mpira mkononi. Koleo lilikuwa kwenye droo ya chini. Chiriku aliona uvivu kulitafuta, akalehemu hivyo hivyo.

Baadaye shangazi aliketi ndani kwenye redio, na Chiriku akasimama uani na kipimo. Shangazi alibonyeza kitufe cha kurushia sauti. Sindano haikutikisika. Chiriku alitikisa kisanduku. Wapi! Akajua kwamba diodi imeungua.

"Inasemaje?" shangazi aliuliza dirishani.

Miluzi ilisikika tena. Chiriku aliiteremsha antena kwa kamba yake, akakata vipande viwili vitatu kwa kukisia, akaipandisha.

"Imepanda, shangazi. Imefika juu kabisa."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akupe maisha marefu."

Akakimbilia mpirani.

Jumapili shangazi alivaa kanga safi, kama anayepokea mgeni. Sauti ya Mzee Reli ilitoka katikati ya mikwaruzo, nyembamba lakini wazi. "Mkunga, Mkunga, unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee Reli. Nakusikia vizuri."

"Mkunga, sisikii kitu. Uko hapo?"

Shangazi alirudia mara nyingi, mdomo karibu unagusa kipaza sauti. Kupokea antena iliweza, kurusha haikuweza.

"Basi, Mkunga," mzee alisema mwishoni. "Labda leo una wageni. Nilitaka tu kukuaga. Kama nimewahi kukukosea kwa neno, nisamehe."

"Hujanikosea neno lolote," shangazi alijibu, ingawa redio ilikuwa imeshanyamaza.

Akachukua bisibisi na kuanza kuifungua. "Nadhani redio yangu imezeeka kama mimi," alisema.

Chiriku alisogea mezani. "Shangazi, redio ni nzima. Sindano haikupanda. Niliunguza diodi, nikakudanganya."

Shangazi aliweka bisibisi mezani taratibu. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. "Leta koleo," alisema.

Waliweka diodi nyingine. Waya uliokatwa kupita kiasi waliuunga, wakaanza kuupunguza upya. Jua lilikuwa linazama sindano ilipopanda. Shangazi alimwita Mzee Reli hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitika, gari lilikuwa limeshamchukua.

Jumapili iliyofuata alijibu mwanamke mmoja, jirani wa Mzee Reli, kwa redio ya mzee. Alisema mzee hakuamka baada ya kupasuliwa. Antena ilifanya kazi vizuri sana. Kila neno lilisikika.

Chiriku alilia. "Shangazi, unadhani alijua kwamba tulimsikia?"

"Hapana," shangazi alisema. "Hakujua, wala sitakudanganya ili utulie."

Akakanda goti lake.

"Kuunguza diodi si dhambi. Mimi mwenyewe nimeunguza nyingi. Ungeniambia tu 'nimeiharibu', tungeweka nyingine kabla chai haijapoa. Kazi ikiharibika, hutengenezwa. Lakini ukishasema imekamilika, hakuna anayerudi kuiangalia, na siku itakapohitajika ndipo itakapomwangusha mtu. Mtu huyo huenda asiwe wewe. Mimi nimekusamehe. Mzee Reli hayupo tena kukusamehe, na hilo utaishi nalo. Basi liweke moyoni, likukumbushe kusema kweli ungali na muda wa kurekebisha."

Akamsogezea kipaza sauti, jirani wa mzee akiwa bado anasubiri upande wa pili.

"Haya. Mpe pole. Na umweleze ilivyokuwa."