Hesabu ya Maelfu Iliyonikosesha Neema

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Niliondoka Lushoto sina kitu, nikarudi na stashahada ya biashara na gari langu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono! Nyumba yangu iko njia ya Irente, wageni husimama kuipiga picha. Nasema haya mjue kwamba sikuwa mtu wa kuchezewa...

Nikiwa bado Dar es Salaam, mke wangu Eliwaza alichoka kunisubiri. Akaolewa na mwalimu wa hisabati wa hapa kijijini! Kuna uchungu gani unaozidi huo? Binti yetu Neema, wa darasa la tano, akabaki kwao. Niliporudi kumdai, wazee wa pande zote mbili waliamua kuwa atachagua mwenyewe pa kuishi, siku ya kufunga shule.

Jumamosi alikuwa akija kwangu. Siku moja alileta hesabu za kukadiria namba hadi maelfu ya karibu. Nikaona hapa ndipo nitakapomshinda yule mwalimu!

"Achana na njia zake," nikamwambia. "Anza na makumi, jibu lake likadirie hadi mamia, kisha maelfu. Unapanda kama ngazi."

"Baba, wewe kiboko!" alisema, akanikumbatia. Jamani, nilijiona nimeshampata.

Siku ikafika. Mbele ya wazazi wote, yule mwalimu aliandika ubaoni 58,476, akamwita Neema aikadirie hadi maelfu. Neema akapanda ngazi yangu: 58,480, kisha 58,500, kisha 59,000. Watoto wakaguna.

"Nani kakufundisha hivi, mama?" mwalimu alimuuliza kwa upole.

"Baba."

Nikasimama. "Jibu ni sahihi! Mimi nina stashahada!"

"Basi tukadirie na miaka uliyotelekeza mtoto, Baba Neema!" mama mmoja akadakia nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alichora mstari, huku 58,000, kule 59,000, katikati 58,500. Akamwambia Neema aonyeshe namba ilipo. Kidole chake kikasimama kabla ya katikati... Jibu lilikuwa 58,000. Hata mimi niliona!

"Baba, si ulisema...?" Machozi yalikuwa yanamtoka.

Alingoja nimjibu. Nilitaka kusema nimekosea, lakini mdomo ulikataa. Nikatazama viatu vyangu. Akarudi kukaa peke yake, wenzake wakimcheka.

Wazee walipomuuliza, alisema, "Kwa mama." Hakunitazama.

Sasa hata Jumamosi haji. Tukikutana njiani ananipa shikamoo kama mpita njia, anaendelea na safari yake. Nifanye nini? Nimlazimishe kunipenda? Nimejenga chumba chake, nimenunua kitanda, lakini mtoto hayupo...

Wazazi wenzangu, nawasihi! Msimtumie mtoto kumshinda mtu mliyegombana naye. Na ukimkosesha, mwambie papo hapo, hata kama kijiji kizima kinasikiliza: "Mwanangu, nimekosea." Mimi sasa nayasema kila siku, na hakuna wa kunisikia.