Maji Yaliyopungua Ziwani

Jumamosi moja ya katikati ya Januari, saa saba na dakika arubaini mchana, mwalimu Fahmi alimkuta mwenzake Haroub kalala kifudifudi kwenye tope la ziwa, kisogo kimepasuka. Alikuwa bado anapumua.

Inspekta Laila alifika kutoka Wete saa tisa na robo. Gari liliishia barabarani. Vilima vitatu vilivyobaki alivipanda kwa miguu, jua la kaskazi likimchoma utosini. Haroub alikuwa ameshabebwa kupelekwa hospitali. Waliobaki katika msafara wa matembezi uliowaleta walimu ziwani walikuwa wawili tu: Fahmi, shati limejaa damu, na Pandu, mkulima wa jirani aliyewaongoza njia.

Laila alianza na Fahmi.

"Mligombana njiani?"

"Ndiyo, Bi Laila. Yeye kapewa ualimu mkuu, miye nimeachwa. Nilimtolea maneno mabaya."

"Kisha?"

"Nikaenda kuswali adhuhuri upande wa pili wa ziwa, nipoe. Kurudi, nikamkuta hivyo. Damu hii ni ya kumnyanyua."

"Nani alikuona ukiswali?"

Fahmi aliinamisha kichwa. "Mungu tu."

Konstebo aliyefuatana naye akatoa pingu. Laila akamzuia kwa mkono, akamwendea Pandu, aliyekuwa juu ya kilima amekaa kwenye gogo, akijifuta damu iliyomchirizika kifundoni.

"Ulikuwa wapi, Mzee Pandu?"

"Hapa hapa juu. Miye ziwani siteremki, naogopa maji tangu udogo. Nilisikia Fahmi anapiga ukelele, nikakimbilia mashambani kuita watu."

"Na mguu?"

"Mwiba, tulipokuwa tunapanda. Saa nne hivi."

Laila aligeuka, akalitazama ziwa. Vuli mwaka huo haikunyesha. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua thelathini na kuacha tope jeusi. Karibu na pale alipoangukia Haroub palikuwa na mfuo mpya ulioingia moja kwa moja majini, kama wa kitu kizito kilichokokotwa.

"Hebu niuone huo mguu."

Kidonda kilikuwa kidogo mno, na damu bado inatoka, nyepesi.

"Mzee Pandu, miye nimelelewa kwenye mabonde ya mpunga. Kidonda cha mwiba wa saa nne kingekuwa kimeshakauka. Huyu ni ruba, mnyonya damu wa majini. Akikuuma huacha alama ya pembe tatu, na damu haigandi upesi. Na ruba hakai kilimani. Umeingia majini leo. Umekokota nini?"

 Konstebo alivua viatu, akaufuata mfuo mpaka maji yakamfika kiunoni. Alipoinama akainua usukani wenye kutu, kisha baiskeli nzima.

Pandu alifumba macho.

"Ya Jaribu," alisema. "Mdogo wangu. Mwaka wa kumi na nne huu. Tulizozana hapa kuhusu shamba la mikarafuu la baba. Nilimsukuma, kichwa kikapiga kisiki, hakuamka tena. Nikamzamisha, yeye na baiskeli yake. Mama nikamwambia kavuka Tanga."

"Na Haroub?"

"Miaka yote nikileta watu, maji yamejaa. Leo yeye kaiona topeni, kaishika, kasema twende tukaulize mjini ni ya nani. Nikaokota pande la mti. Sikufikiri, Bi Laila. Wallahi sikufikiri."

Fahmi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikaa chini na kulia.

Saa kumi na moja na nusu simu ililia kutoka hospitali: Haroub kafumbua macho. Laila alishukuru, lakini moyo haukumwachia kurudi Wete. Habari ya Jaribu ilikuwa na mwenyewe, na hakutaka aipate kwa watu wa njiani.

Bi Mwanakhamis, mama wa Pandu na Jaribu, alimkaribisha ukumbini akampa mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, vidole vyake vikizikunja na kuzikunjua ncha za kanga.

"Miaka kumi na minne nimekataa kumsomea hitima," alisema. "Nilisema nitamzikaje mtu aliye hai."



Mama yule alivuta pumzi ndefu, akautazama mlango.

"Na huyo Pandu," aliuliza taratibu, "kala chochote tangu asubuhi?"