Mlio Chini ya Pikapu ya Stanslaus

Ndugu zangu, kila Jumapili baada ya ibada Stanslaus aliosha pikapu yake mbele ya nyumba yake, mtaani Mwisenge. Ilikuwa kuukuu, lakini ilipita hata pale ambapo njia ya Murangi imegeuka tope. Mkewe Pelagia alikuwa amefariki, na binti yao ameolewa Tarime. Pikapu ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani.

Jumapili moja, alipoisogeza, akasikia mlio upande wa gurudumu la mbele: ngu, ngu, ngu. Akaurekodi, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari ya porini, akauliza ni nini.

Vicheko vikamiminika. Mmoja akamshauri apandishe sauti ya redio mpaka mlio ukate tamaa. Mwingine akasema huyo ni kuku amesahaulika chini ya siti. Onesmo wa Bunda aliutambua mara moja, maana gari lake liliwahi kulia vilevile kabla hajabadilisha beringi ya gurudumu. Lakini utani ulikuwa umenoga. Akaandika: "Mzee, hiyo gari ina upweke. Itafutie mke."

Stanslaus akacheka nao. Mjue kwamba siku ile hakuwa ameongea na mtu mwingine tangu atoke kanisani. Akabaki ameshika simu, akingoja jibu la maana. Halikuja.

Siku chache baadaye alikuwa akipeleka mahindi Butiama. Kwenye mteremko gurudumu likachomoka, pikapu ikabiringika mpaka shambani kwa watu. Hospitalini wakamkata mguu chini ya goti.

Kundi likajaa salamu za pole. Aliyekwenda kumwona ni Onesmo peke yake. Akakiri kwamba alijua.



"Hata ungekuwa hujui," Stanslaus alisema, "ungeniambia tu, mzee, nakuja tuiangalie. Siku ile nilichemsha chai nyingi. Nilisema labda mmoja atapita."



Pikapu iliuzwa vipuri. Siku hizi Stanslaus hushinda barazani na magongo yake. Onesmo humtembelea akipata nafasi, lakini Bunda si karibu, na siku nyingi hapiti mtu.

FUNZO

Utani haujakatazwa, jamani. Ila mwenye hofu ajibiwe kwanza, kicheko kifuate. Unachokijua kiseme, usichokijua, nenda ukamwone. Anayeuliza habari za gari huenda anauliza kama bado ana watu.