Udongo Uliookwa

Oveni ilinuka nyama. Bryony aliisugua kwa siki na magadi, akafungua madirisha ya jiko, baridi ya Nottingham ikaingia hadi mifupani, na bado harufu ya mafuta yanayoungua haikutoka. Nyama hawakuwa wamepika wiki nzima. Kilichookwa humo ni udongo tu.

Aliyeuoka ni mumewe, Gareth. Yeye na wenzake hupigana vita vya kale mezani kwa vijiaskari vya madini ya risasi wanavyovipaka rangi wenyewe, na udongo wa kubandika miguuni mwao huokwa kwanza wadudu wafe, kisha huchekechwa. Safari hii aliuchota kwenye shamba lenyewe la vita, walikochinjana karne nyingi zilizopita watu wa mfalme na watu wa bunge.

"Wengine wananunua mchanga dukani," alijigamba. "Wangu umekunywa damu."

"Na umeuoka ninapooka keki. Hongera, jenerali."

Utani uliishia hapo. Gareth huichonga ncha ya brashi kwa ulimi, analamba, anapaka, analamba tena. Sasa akawa analamba brashi isiyo na rangi, macho kayafumba, kama mtu anayefyonza uboho. Alipombusu mkewe, kinywa chake kilinuka kidonda kilichofungwa siku nyingi.

Kisha Nell, mtoto wao asiye na hata jino, akakataa ziwa. Analia, anageuza uso, anaishia kunyoosha mkono kwenye meza ya baba yake. Asubuhi moja Bryony alimkuta amemshika kapteni wa risasi, anamfyonza, ute mweusi unamchuruzika hadi kifuani, mzito kama usaha, na ile harufu ya kidonda sasa inatoka kwenye kinywa cha mwanawe. Alimpokonya. Jiwe la kijivu lililokuwa miguuni mwa kapteni likabanduka, likamdondokea kiganjani.

"Gareth, hili jiwe ulilitoa wapi?"

"Kwenye chekecheo. Lilikuwa na umbo zuri, nikalipaka kijivu."

"Lina mizizi."

Gareth aliligeuza. Lilikuwa gego la mtu mzima. Akakimbilia sinki akatapika, na kilichotoka kilikuwa tope.

Mama Hesketh, padri wa kike wa kanisa la mtaa, hakuwacheka walipomsimulia. "Rudisheni vyote, wanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe anadai vyake. Isibaki hata chembe."

Mchana uleule walirudisha kule shambani askari, kopo la udongo, hata trei ya oveni. Gareth akalifukia lile jino kwa mikono yake, padri akasali, mvua ikanyesha juu yao wote. Waliporudi, jiko lilinuka sabuni tu. Na Nell akalishika ziwa, akanyonya, Bryony machozi yakamtoka kwa furaha, akawa anamwimbia, anampapasa kisogo, anajiambia yamekwisha, mwanangu yuko salama, yamekwisha, mpaka mtoto alipong'ata.

Damu ilichanganyika na maziwa. Nell hakuachia, alifumba macho, akafyonza taratibu, kama mtu anayefyonza uboho.

Bryony alimtia kidole kinywani. Ndani kabisa, kwenye ufizi ambao jana ulikuwa mtupu, aligusa kitu kipana, baridi, kilichosagika kwa miaka ya kutafuna. Akakitoa kidole, akakitazama.

Kilikuwa kimepakaa rangi ya kijivu, bado mbichi.