Injini Mpya Iliyofika Mapema

Jioni ile Wanyonyi, mkuu wa steshoni, alitoka ofisini kuwasha taa.

Ilikuwa mwaka wa ile mvua ya El Niño. Mto wa Kitengela umefurika, barabara ya Nairobi imekatika, na mkewe Naliaka ana uchungu tangu jana. Miaka minane wamengoja mtoto! Sasa damu ilikuwa inatoka tu. Resian, jirani aliyezalisha nusu ya watoto wa huko Kajiado, alisema wazi, "Wanyonyi, hii imenishinda. Peleka yeye hospitali."

Ampeleke na nini, kama si treni?

Shirika la reli lilikuwa limenunua injini mpya za dizeli za kuvuta mizigo. Moja ilishuka Magadi siku ya mapumziko ya Wanyonyi, na jioni hiyo, saa moja, ingepita ikirudi Nairobi. Injini kuukuu alizijua zote, namba ya kila moja na dereva wake. Hii mpya hakuwahi kuiona.

Saa kumi na mbili na robo, ikafika.

Bila honi. Reli haikutetemeka hata kidogo...

Ilimetameta rangi mbichi. Mkono ukatoka dirishani, uso haukuonekana.

"Tokeni," dereva akanong'ona.

Reli ya huko ni njia moja, na dereva asiyeshika tokeni, ile ringi ya chuma anayopewa na mkuu wa steshoni, haruhusiwi kwenda mbele hata hatua moja.

"Kaka, niko na mgonjwa," Wanyonyi akamsihi. "Mke wangu. Nisaidie umfikishe Nairobi."

Mkono ukaonyesha ngazi. "Mpandishe."

Wakampandisha. Resian ndiye angemsindikiza, maana Wanyonyi alikuwa peke yake kwenye zamu na steshoni haiachwi. Lakini mama huyo aliweka mguu kwenye ngazi, akagusa ubavu wa injini, akaganda.

"Wanyonyi... hii kitu haina joto."

"Ni mpya, mama. Ziko hivyo."

"Inanuka matope ya mto. Enkai ai, Mungu wangu! Mimi sipandi. Mteremshe!"

Nyinyi mnaojifanya mngemteremsha, subirini yawafike. Damu ilikuwa inadondoka kwenye ngazi. Treni nyingine ingekuja lini? Wanyonyi akaitoa tokeni.

"Kesho ukuje na leso safi," Naliaka alimwambia, na akajaribu kutabasamu.

Injini ikaondoka kimya.

Dakika tano baadaye simu ikalia. Ilikuwa steshoni ya upande wa Magadi. "Wanyonyi, ile injini mpya bado tuko nayo hapa. Maji yamefunika reli. Leo usimpe mtu tokeni."

Akapiga mayowe hadi Resian akaja mbio.

Munyiva, mkuu wa steshoni ya mbele, upande wa Nairobi, alipigiwa simu, akakesha akingoja relini na taa. Asubuhi akapiga simu. "Tokeni iko hapa, imetundikwa kwa msumari. Imejaa tope. Lakini hakuna treni imepita, walahi."

"Na Naliaka?"

"Sijaona mtu, ndugu yangu."

Mzee Ishmael, dereva mstaafu, ndiye aliyeongea, tena kwa shida. Zamani za injini za mvuke, alisema, dereva mmoja aliondoka kwa haraka bila tokeni, akatumbukia mtoni na injini yake. Tangu hapo, mvua ikizidi, hupita steshoni akiiomba. Hakuna aliyempa, kwa sababu kila mtu aliijua injini yake.

"Sasa mmeleta injini zisizojulikana na mtu," Ishmael akasema. "Mlidhani atakuja na ile ya zamani?"

Wanyonyi akamuuliza huwapeleka wapi abiria. Mzee akavaa kofia yake, akaenda zake.

Walitafuta siku kumi na moja, madaraja yote, vichaka vyote. Hawakupata hata kipande cha nguo.

Kwao Bungoma, mtu asipopatikana mwili, huzikwa mgomba kwa jina lake. Kaburi likachimbwa, waombolezaji wakakaa. Baba yake Wanyonyi akamvuta kando, panga mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, nisamehe kwa kukuuliza," akanong'ona. "Nikate mgomba mmoja... ama miwili?"

Wanyonyi hakujua kama mtoto alikuwa amezaliwa. Na hakukuwa na mtu duniani wa kumuuliza.