Zawena na Kitone Chenye Mkia

Zawena yuko darasa la pili. Leo shuleni kuna sherehe, na Zawena atasoma mbele ya watu wote.

Bibi yake amekuja. Amevaa kanga mpya. Amekaa mbele kabisa, amsikie mjukuu wake.

Karatasi ya Zawena ina vitone vyenye mkia. Hiyo ndiyo mikato. Mwalimu Siwema alimfundisha hivi:

"Ukiona mkato, pumua kidogo. Fuuu!"

Lakini kwanza azungumze Mgeni Rasmi. Ni Mheshimiwa Ngwembe. Ana tai ndefu, tumbo kubwa, na hotuba nene.

Hotuba yake ina mikato tele. Mheshimiwa haioni. Yeye hajawahi kusimama kumsubiri mtu, sembuse kitone!

"Ndugu wazazi walimu wanafunzi wapishi nimefurahi kufika kuona kusikia kusema kuzungumza..."

Akasoma, akasoma, akasoma.

Watoto wakapiga miayo. Aaah! Pilau likaanza kupoa. Mwalimu Mkuu akalala huku anatabasamu. Bibi naye akaanza kusinzia.

Zawena akaingiwa na hofu. "Bibi akilala, nani atanisikia?"

Mheshimiwa akazidi kusoma. Uso ukavimba. Macho yakamtoka. Kifungo cha shati kikaruka. Pwa!

"...kujenga kufungua kuzindua ku ku ku ku..."

Kuku wa jikoni wakaitika. Ko ko ko ko!

Maskini Mheshimiwa! Zawena akapanda juu ya kiti.

"Shikamoo, Mheshimiwa! Samahani! Ukiona mkato, pumua kidogo. Fuuu!"

Mheshimiwa akatazama karatasi yake. Kumbe mkato huu hapa! Akanyamaza. Akapumua. Fuuuuuu!

Watu wakadhani amemaliza. Makofi, pa pa pa! Vigelegele, lililili!

"Hotuba nzuri mno!" akasema Mwalimu Mkuu, akifikicha macho. "Nimeisikia yote!"

Mheshimiwa akafurahi sana. Akakaa.

Sasa ikawa zamu ya Zawena. Akashika karatasi yake. Akasoma:

"Wageni wetu wapenzi,"

Akaona mkato. Akapumua kidogo. Fuuu!

Mwalimu Mkuu akainua mikono apige makofi.

"Ebo! Hajamaliza," akasema Bibi. "Mtoto anapumua."

Watu wote wakasubiri. Hata Mheshimiwa akasubiri.

"...asanteni kwa kuja, karibuni pilau."

Bibi akapiga kigelegele kirefu kuliko hotuba. Zawena akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Ukafika wakati wa kulala. Zawena akajilaza kando ya Bibi.

"Bibi, leo ulinisikia,"

Kimya. Fuuu.

"Umelala, mjukuu wangu?"

"Bado, Bibi. Huo ni mkato. Ulinisikia, na mimi nakupenda."

"Nami nakupenda. Haya, sasa weka nukta."

Zawena akaweka nukta. Akalala fofofo.